Maili za Ndege na Mfuko wa Nyumba



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo lagusa fedha za nyumba nyingi. Siku hizi kila mtu anunuapo tikiti ya ndege huulizwa kama anayo nambari ya uanachama. Mmoja hujibu kuwa hana, akapita. Mwengine hujiandikisha papo hapo, akapewa nambari, akaisahau kabla hajafika nyumbani. Na wa tatu hujiandikisha katika mashirika sita, akawa na maili elfu mbili huku na elfu tatu kule, na zote hazitoshi kumfikisha popote. Wote hawa wamepoteza, na aliyepoteza zaidi ni huyu wa tatu, maana yeye alijitaabisha.

Twaandika kwa ajili ya msafiri wa kawaida, asafiriye kwa fedha yake mwenyewe, mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili: aendaye Umra, au kuzuru jamaa zake Muscat au London, au kuhudhuria harusi, au kuwapeleka watoto wakaone ulimwengu. Ama mfanyabiashara arukaye kila wiki kwa fedha ya kampuni, yeye ana hesabu zake nyengine. Mashauri mengi yaliyoandikwa juu ya maili yameandikwa kwa ajili yake, na ndiyo sababu mtu wa kawaida ayafuatapo huingia khasarani.

Kwanza yafaa tujue asili ya jambo lenyewe. Katika mwaka 1978 serikali ya Marekani iliondoa amri zilizokuwa zikiwafungia wenye ndege nauli na njia zao, na mashirika yakaanza kunyang'anyana wasafiri. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines likatangaza mpango wake uitwao AAdvantage: kila msafiri ahesabiwe maili alizoruka, na zikifika kiasi fulani apewe tikiti bila ya nauli. Siku chache baadaye United wakatoa wa kwao, na Delta wakafuata mwaka huo huo. Leo ni mashirika machache makubwa yasiyokuwa na mpango wa namna hii.

Basi mtu asidhani kuwa hii ni sadaka. Mwenye ndege hutoa maili ili umrudie yeye hata siku ambayo mwenzake ana nauli nafuu zaidi. Tena huziuza maili hizo kwa mabenki, nayo mabenki huwagawia wateja wao wenye kadi. Thamani ya biashara hii ilidhihirika wakati wa maradhi ya Korona. Ndege ziliposimama chini, mashirika yaliiweka mipango hii rehani ili yapate mikopo: Delta katika mwaka 2020 walipata dola bilioni 9 kwa njia hii, na American katika mwaka 2021 wakapata bilioni 10. Kitu kinachowekwa rehani kwa mabilioni si pipi ya kuwapoza watoto. Ni mali, na sehemu ya mali hiyo imetoka katika nauli tulizolipa sisi. Kwa hivyo kuidai haki yako katika maili si tamaa wala si aibu. Lililo aibu ni kuidai bila ya hesabu.

Jambo la pili lipasalo kujulikana ni kuwa desturi imebadilika. Zamani aliyeruka mbali ndiye aliyepata nyingi, awe amelipa ghali au rakhisi. Katika mwaka 2015 Delta na United walianza kuhesabu fedha iliyolipwa badala ya masafa, na American wakafuata mwaka 2016. Msafiri wa kawaida alipewa maili 5 kwa kila dola, na yule arukaye sana akapewa hata 11. Air France na KLM, wenye mpango wa Flying Blue, waligeuza yao mwaka 2018. Matokeo yake ni dhahiri: anunuaye tikiti rakhisi kwa fedha yake hupata kidogo, na anunuliwaye tikiti ghali na kampuni hupata kingi. Mipango ihesabuyo masafa ingaliko, lakini nayo hutazama herufi iliyoandikwa katika tikiti. Kila nauli ina herufi yake, na tikiti mbili za ndege moja na daraja moja zaweza kuwa na herufi mbili mbali mbali, moja ikapata maili zote na ya pili ikapata robo tu, au isipate kitu.

Natupige hesabu ili jambo lifahamike. Kutoka Nairobi hata London kwa njia iliyonyoka ni kama maili 4,250, na kwenda na kurudi ni 8,500. Tuseme nyumba ina watu watano, na tikiti zao ni za herufi ya chini ipatayo robo. Kila mmoja atapata maili 2,125, na wote pamoja 10,625. Tuseme tena kuwa tikiti moja ya malipo ya maili yataka maili 40,000. Mtu mmoja peke yake atahitaji safari kumi na tisa! Akisafiri mara moja kwa mwaka, mtoto aliyebebwa mgongoni katika safari ya kwanza atakuwa amekwisha kumaliza skuli. Lakini wakiweza kuziweka maili zao chungu kimoja, safari nne zatosha.

Katika hesabu hii ndogo yamo masuali yote ambayo mwenye nyumba apaswa kuyauliza kabla hajachagua.

Suali la kwanza: Sisi huenda wapi, na ndege gani hutufikisha huko? Usianze kwa kutazama mpango ulio na sifa nyingi. Anza kwa kutazama safari zako za miaka mitano iliyopita na zile uzitarajiazo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: si lazima maili uziweke kwa shirika lile lile uliloliruka. Mashirika makubwa yamefungamana katika miungano mitatu: Star Alliance iliyoanzishwa mwaka 1997, oneworld ya mwaka 1999, na SkyTeam ya mwaka 2000. Anayeruka na shirika moja la muungano aweza aghlabu kuandikiwa maili zake katika mpango wa shirika jengine la muungano huo huo.

Kwa watu wa pwani yetu hili lina faida kubwa. Ethiopian Airlines waliingia Star Alliance mwaka 2011, ambamo Turkish Airlines na EgyptAir walikuwa wamekwisha kuingia tangu mwaka 2008. Kenya Airways ni wa SkyTeam, wenye uanachama kamili tangu 2010, na Saudia wakaingia humo mwaka 2012. Qatar Airways waliingia oneworld mwaka 2013, na Oman Air wakawafuata mwaka 2025. Emirates hawamo katika muungano wo wote, bali wana mpango wao Skywards wa tangu mwaka 2000, na wana mapatano ya mbali mbali na shirika hili na lile. Basi nyumba ambayo mwaka huu yaenda Jeddah kwa Saudia, na mwaka ujao yaenda Ulaya kwa Kenya Airways, haina haja ya nambari mbili. Nambari moja ya SkyTeam yaweza kuzikusanya safari zote mbili.

Suali la pili: Maili zaishi muda gani? Hili kwa msafiri wa kawaida ni kubwa kuliko yote, nalo ndilo lisilosomwa. Bwana mmoja wa Mombasa alitueleza kuwa yeye na mkewe na watoto wao watatu walirundika maili kwa miaka, wakikusudia kumpeleka mama yake mzazi akawaone wajukuu zake walioko ng'ambo. Siku alipokwenda kuomba tikiti aliambiwa kuwa sehemu kubwa ya maili zile zimekwisha kufa, moja moja, kila mwaka, kwa kuwa zilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Barua za kumwonya zilitumwa katika anuani ambayo haitumii tena. Hakudhulumiwa, kwa maana sharti liliandikwa. Lakini bibi kizee yule hakusafiri.

Rudini sasa katika hesabu yetu. Safari nne zatosha, lakini ikiwa maili huishi miaka mitatu, na nyinyi mwasafiri mara moja kwa mwaka, basi itakapofika safari ya nne zile za kwanza zafa. Mtakuwa mwateka maji kwa pakacha. Yako mipango ya namna tatu. Namna ya kwanza ni ile ambayo maili hufa kwa umri wake, upende usipende, kama Skywards ya Emirates na Miles&Smiles ya Turkish, ambazo sharti lao la asili ni miaka mitatu. Namna ya pili ni ile ambayo maili hazifi maadamu hesabu yako haikulala: ukipata au ukitumia hata chache katika muda uliowekwa, zote huhuishwa. Avios, ambazo hutumiwa na British Airways, na tangu mwaka 2022 na Qatar Airways, zimewekewa miezi 36 ya namna hiyo. Na namna ya tatu ni ile ambayo maili hazina mwisho: Delta waliondoa ukomo huo mwaka 2011, na United mwaka 2019. Kwa asafiriye kwa nadra, namna ya pili na ya tatu ndizo zenye kheri naye. Na kwa kuwa United wamo Star Alliance, mtu wa Zanzibar au Dar es Salaam anayeruka na Ethiopian aweza kuziandikisha maili zake kwa United bila ya kuwa amepanda ndege yao hata siku moja. Atazame tu kwanza herufi yake itapata kiasi gani, kwa maana maili isiyokufa lakini isiyozaliwa nayo haina faida.

Suali la tatu: Je, jamaa waweza kuchanganya maili zao? Hesabu yetu imeonyesha tafauti ya safari kumi na tisa na safari nne. British Airways huwaruhusu watu wa nyumba moja, hata watu 7, kuwa na hesabu ya pamoja. Emirates nao wanao mpango wa jamaa ambao huwakusanya watu hata 8. Kwengine hakuna ruhusa hiyo, au kuhamisha maili kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto hutozwa fedha nyingi kuliko thamani ya maili zenyewe. Mwenye watoto asichague mpango kabla hajalijua jambo hili. Na watoto nao wana haki ya maili kwa kila kiti walicholipiwa. Wazazi wengi hujiandikisha wao, na watoto wakawaacha.

Suali la nne: Hiyo tikiti tuiitayo ya bure, itatugharimu nini? Ya bure hasa haiko. Kodi za serikali na ada za viwanja hulipwa kwa fedha taslimu, na mashirika mengine huongeza juu yake malipo yao wenyewe ambayo huyapa jina la mafuta. Tuseme tikiti ya kawaida ni dola 600, na ya maili ni maili 40,000 pamoja na dola 250. Ulichookoa ni dola 350, si 600. Zigawe dola 350 kwa maili 40,000, na kila maili ina thamani iliyo chini ya senti moja ya dola. Hesabu hii ya kugawanya kila kijana wa skuli aiweza, na apaswa kuifanyia nyumba yake kila inapotaka kutumia maili. Tena viti vya maili ni vichache, na wakati wa likizo za skuli na wa msimu wa Ramadhani ndio vichache zaidi. Mwenye watu watano na atafute mapema, au akubali tarehe zisizopendwa na wengi.

Baada ya masuali haya manne, yako mambo ya kujihadhari nayo.

La kwanza, usinunue tikiti ghali kwa ajili ya maili. Tuseme shirika moja lataka dola 600 na la pili, lenye maili zako, lataka dola 680. Kwa watu watano umeongeza dola 400. Umepata nini? Zile maili 10,625, ambazo kwa hesabu yetu ya juu zina thamani ya dola 93. Umetoa mia nne ukachukua tisini na tatu, kisha ukajiona mjanja. Nauli, saa za safari, na mizigo inayoruhusiwa ndivyo vya kutangulizwa. Maili ni kitoweo, wala si wali.

La pili, usikimbilie vyeo. Mashirika haya huwapa wasafiri wakubwa daraja za fedha na dhahabu, wakaketi katika vyumba vya mapumziko na kuongezewa mizigo. Mwenye kusafiri mara moja kwa mwaka hatavifikia, na akivifikia kwa kujikalifu havitadumu, kwa maana aghlabu huhesabiwa upya kila mwaka.

La tatu ni kadi za mkopo zitoazo maili kwa kila manunuzi. Deni lisilolipwa kwa wakati huzaa riba, na hukumu ya riba msomaji wetu hahitaji kukumbushwa. Hata kwa hesabu ya dunia peke yake, hakuna maili iliyo na thamani ya kufidia riba ya mwezi mmoja. Kadi itoayo fedha iliyomo katika akiba yako mwenyewe ni jambo jengine, ikiwa ada yake ya mwaka haipiti faida yake.

La nne, usizifanye maili kuwa hazina ya kurithisha. Maili ni ahadi tu, wala si fedha, na mwenye kuahidi aweza kubadilisha kipimo au kuanguka. Ansett ya Australia ilipoanguka Septemba 2001, pointi za wateja wake zikawa si kitu. Air Berlin ilipofilisika mwaka 2017, wenye maili za topbonus hawakuweza tena kuzitumia. Hata bila ya kuanguka, Delta waliacha mwaka 2015 kutangaza orodha ya kudumu ya bei ya tikiti zao za maili, na United mwaka 2019. Tangu hapo bei hupanda na kushuka kama ya samaki sokoni. Basi zikusanye kwa kusudi lijulikanalo, na zikitosha zitumie.

Na la tano lahusu amana. Wako wanaosafiri kwa tikiti za ofisi na maili zikaandikwa kwa majina yao. Ofisi nyengine huwaachia wafanyi kazi wao, na nyengine hazikubali. Uliza kwanza, na jibu uliweke kwa maandishi. Huko Ujerumani katika mwaka 2002 wanasiasa wenye majina, miongoni mwao Gregor Gysi na Cem Özdemir, waliacha nyadhifa zao baada ya kujulikana kuwa maili za safari za kazi walizitumia kwa safari zao wenyewe. Nauli ya bure isimvunjie mtu heshima yake.

Sasa twasema la kutendwa. Keti na jamaa zako jioni moja, mziandike safari zenu zilizopita na zijazo. Chagueni mpango mmoja, na ukizidi sana miwili, kwa yale masuali manne. Mwandikisheni kila mmoja, mkubwa na mdogo, kwa jina lile lile lililo katika pasipoti yake, herufi kwa herufi. Kwa maana Muhammad aliyeandikwa Mohamed katika tikiti huleta udhia ambao hauishi kwa siku moja. Nambari itajwe wakati wa kununua tikiti, wala msingoje mpaka uwanjani. Pasi za kupandia ndege zisitupwe mpaka maili zionekane katika hesabu. Zisipoonekana, daini mapema, kwa kuwa muda wa kudai aghlabu ni miezi sita tu. Na anuani ikibadilika, mashirika yaarifiwe.

Kazi hii twaiona yawafaa vijana wetu. Wao ndio wenye wepesi wa kusoma masharti na kuzitazama hesabu hizi katika simu, hali wazee ndio wenye kulipa nauli. Kijana na achukue daftari moja, aandike ndani yake jina la kila mtu wa nyumba, nambari yake, maili zake na tarehe ya kufa kwake, na alitazame kila mwanzo wa mwezi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila khabari, na maili huisha hivyo hivyo, ila hizi hazina hata mlio wa sarafu kuanguka.